Neno "lithe": limetoka wapi, lina maana gani hasa, na wapi si mahali pake

Kalamu Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya neno moja dogo la Kiingereza linaloharibiwa mno na wafasiri na waandishi wa michezo: "lithe".

Kamusi nyingi za mfukoni hulimaliza kwa maneno mawili, "mwembamba, mnyumbufu", kisha zikasonga mbele. Maana hiyo ina ukweli, ila ni nusu ya neno. Mtu mwembamba aliyeketi tuli hajawa "lithe" kwa sababu ya wembamba wake. Neno hili hubeba mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, viungo vinavyokunjika na kunyooka bila kukwama. Pili, nguvu iliyojificha chini ya ulaini huo, yaani mwili unaopinda kisha ukarudi wenyewe. Tatu, uzuri wa mwendo, ule mtiririko ambao jicho halioni hatua moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Ondoa jambo moja na neno linabadilika. Bila unyumbufu unabaki na "graceful", ambalo linamfaa hata mtu anayeinamisha kichwa tu. Bila nguvu unabaki na "limp", kilicholegea na kunyong'onyea. Bila uzuri wa mwendo unabaki na "flexible", neno la kazi zote linaloufaa waya, ratiba na sera.

Matamshi sisi tunayaweza vizuri kwa sababu tunazo sauti zote mbili, *th* na *dh*. "Lithe" hutamkwa *laidh*, kwa *dh* ya "dhahabu" na wala si *th* ya "thelathini". Ni silabi moja. Usiongeze irabu mwishoni ikawa *laidhi*. Ukiweka *t*, msikilizaji atasikia "light", na "a light dancer" ni mchezaji mwepesi wa uzito. Ukiweka *z* umesema "lies", uongo. Ukiweka *s* ndiyo mbaya kabisa, maana umesema "lice", chawa.

Karibuni tulichambue.

---

Ngeli ya Nane

Uzi mzuri, mkuu. Swali la asili: Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "lith" likiwa na maana ya kiungo cha mwili. Je, si ndilo lililozaa "lithe"? Mantiki inakubali kabisa: kiungo, kisha mwenye viungo vyepesi.

---

Irabu Ndefu

Ngeli, mtego huo huwanasa wengi kwa sababu maana zinakaribiana sana. Ila ni maneno ya koo mbili.

"Lith" ya kiungo ilikuwa *liþ*, yenye *i* fupi (*þ* ni herufi ya kale ya *th*). Ndugu yake katika Kijerumani ni "Glied", kiungo, ambalo ni neno hilohilo lililoongezewa kiambishi *ge-* mbele. Hakuna *n* popote katika ukoo huo.

"Lithe" ilikuwa *līþe*, yenye *ī* ndefu, na ndugu yake wa Kijerumani ni "lind", laini, pole. Hapo *n* ipo. Urefu wa irabu ya Kiingereza ndio alama ya mahali *n* ilipokuwa kabla ya kutoweka.

Kanuni yenyewe ni hii. Katika Kiingereza cha kale, Kifrisia na Kisaksoni, *n* iliyotangulia *f*, *s* au *th* ilimezwa, na irabu iliyoitangulia ikarefuka kufidia pengo. Kijerumani cha kusini hakikupitia badiliko hilo, kwa hiyo hadi leo ukiweka lugha hizi mbili kando kwa kando *n* inaonekana upande mmoja tu: "five" na "fünf", "goose" na "Gans", "us" na "uns", "mouth" na "Mund", "other" na "ander", "soft" na "sanft". Na "lithe" na "lind". Upande wa Kijerumani ndiko *th* nayo ikageuka kuwa *d*.

Nyuma ya hapo wanaisimu hujenga umbo la Kijerumani asilia (lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na ndugu zao) *\*linþ-*, na nyuma zaidi mzizi wa Kihindi-Ulaya (lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India) *\*lent-*, wenye maana ya kitu kinachopindika. Nyota hiyo ni ishara kwamba umbo limejengwa kwa kulinganisha lugha, halikukutwa limeandikwa.

---

Bi Sarufi

Ahsante, Irabu. Kuna la kuongeza kuhusu maana, kwa sababu ndipo penye utamu.

Katika Kiingereza cha kale *līþe* haikuwa neno la mwili. Lilikuwa neno la hali: pole, laini, isiyoumiza. Lilitumika kwa maneno ya upole, kwa mtu mpole, kwa hali ya hewa. Kama tungelifasiri neno la wakati ule tungetumia "mwanana", jinsi tunavyosema upepo mwanana.

Ushahidi mzuri umo katika kalenda. Bede, mtawa wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, aliandika mwaka 725 juu ya hesabu ya nyakati, na humo akaorodhesha majina ya miezi ya Waingereza kabla ya Ukristo. Miezi inayolingana na Juni na Julai yote iliitwa *Līþa*, ya kwanza na ya pili. Mwaka ulipohitaji mwezi wa ziada, mwezi huo uliongezwa hapohapo katikati ya mwaka, na mwaka mzima ukaitwa *Thrilidi*, mwaka wa Litha tatu. Bede akaeleza jina hilo kwa maneno mawili ya Kilatini: *blandus*, mwanana, na *navigabilis*, kinachopitika kwa chombo, kwa sababu katika miezi hiyo pepo zilikuwa shwari na watu walisafiri baharini.

Angalieni kwamba maelezo hayo mawili hayatoki mahali pamoja. *Blandus* inalingana na kivumishi *līþe*. *Navigabilis* inaelekea kwa kitenzi kingine, *līþan*, kwenda au kusafiri kwa chombo. Bede ameyaweka pamoja, na msomaji wa leo asiyachanganye akadhani "lithe" liliwahi kumaanisha "kusafiri".

Maana ya "chenye kupindika kwa urahisi" inaanza kuonekana katika Kiingereza cha kati, mnamo mwaka 1300. Yaani neno lilianza na kupindika katika mzizi wa kale, likapita kwenye upole na utulivu, kisha likarudi kwenye kupindika. Hiyo ndiyo sababu "lithe" nzuri bado ina chembe ya upole ndani yake. Mwendo wa kukurupuka, hata uwe wa mwili mnyumbufu kiasi gani, hauiti neno hili.

---

Mfasiri Huru

Naomba ufafanuzi. Kama mzizi ni *\*lent-*, je, "lento" ya muziki nayo imo? Maana "lento" ni polepole, na polepole iko mbali na wepesi wa viungo.

---

Irabu Ndefu

Imo, Mfasiri. Kilatini kilikuwa na *lentus*, na maana zake zilipangana hivi: chenye kupindika bila kukatika, kama fito za mwerebi (mti uitwao "willow" kwa Kiingereza), kisha kigumu kukatika, chenye kung'ang'ania, chenye kunata, kisha kisichoachia haraka, yaani cha polepole. Kutoka hatua ya mwisho ndipo Kiitaliano na Kihispania wakapata "lento", na Kifaransa "lent".

Kwa hiyo mzizi mmoja umetoka njia mbili. Upande wa Kijerumani asilia kitu kinachopindika kikawa laini, kisha pole. Upande wa Kilatini kitu kinachopindika kikawa chenye kunata, kisha cha polepole.

Na upande huo wa Kilatini umerudi ndani ya Kiingereza kwa mlango mwingine: "relent". Limejengwa juu ya *lentus*, na katika karne ya 14 lilimaanisha kuyeyuka, kulainika. Leo ni kulegeza msimamo. "Relentless" ni asiyelainika. Basi "lithe" na "relentless" ni ndugu wa mbali, ingawa hakuna mwandishi anayewafikiria pamoja.

Mti wa "linden", Kijerumani "Linde", nao huhusishwa na ukoo huu kwa sababu ya nyuzi laini za gome lake zilizosokotwa kamba. Uhusiano huo unakubaliwa na wengi ila hauna uthabiti wa ule wa "lind" na *lentus*, kwa hiyo ukiutaja andika "huenda".

---

Ngeli ya Nane

Nimeelewa, nashukuru. Na "lithium" je? Nimeona mahali wakiliunganisha.

---

Irabu Ndefu

Hapana. "Lithium" ni ya Kigiriki *lithos*, jiwe, kwa sababu elementi hiyo iligunduliwa ndani ya madini mwaka 1817. "Lithography" na "monolith" ziko huko. Hata sauti si moja: huko ni *th*, huku ni *dh*.

Wengine wa kufukuza mlangoni: "blithe" (Kiingereza cha kale *blīþe*), ambayo irabu yake ilikuwa ndefu tangu mwanzo na haikumeza *n* yoyote, "writhe", kutoka *wrīþan*, kusokota, na "withe", ufito wa kufungia, kutoka *wiþþe*. "Withe" inawachanganya watu zaidi kwa sababu nayo ni kitu kinachopindika. Inafanana kwa sauti na kwa maana, ila si ndugu.

---

Mwanafasihi

Kwa nini tunaandika *e* ambayo haitamkwi? Wanafunzi huuliza, na jibu la "ndivyo ilivyo" haliwasaidii.

---

Bi Sarufi

Ina kazi, Mwanafasihi. Zamani *e* hiyo ilitamkwa, neno likiwa na silabi mbili, *lii-dhe*. Katika Kiingereza cha kale *þ* iliyokaa katikati ya irabu mbili ilitamkwa kwa mghuno, yaani *dh*. Baadaye *e* ya mwisho ikanyamaza, lakini mghuno ulibaki. Ndiyo maana una jozi hizi: "bath" kwa *th* na "bathe" kwa *dh*, "breath" na "breathe", "cloth" na "clothe". Mwambie mwanafunzi kwamba akiona *-the* mwishoni mwa neno la namna hii, atamke *dh*. Itamfaa karibu kila mara.

Irabu nayo: *ii* ndefu ikawa *ai* katika lile badiliko kubwa la irabu ndefu za Kiingereza, kati ya karne ya 15 na ya 17. Ni badiliko lilelile lililoifanya "time" kuwa *taim* na "wife" kuwa *waif*.

---

Mhariri wa Zamu

Nije kwenye matumizi, maana asili imeshapata watu wake.

Makosa yanayofika mezani kwa mhariri ni ya aina chache. La kwanza: kuliweka neno kwenye vitu visivyo na mwili. "A lithe schedule", "a lithe policy". Hapana, hapo ni "flexible". La pili: kuliweka kwenye vitu vilivyokufa vyenye ulaini, kama ngozi ya kiatu au mpira. Ngozi iliyolainishwa kwa mafuta ni "supple leather". Mmea hai unaweza kuwa "lithe", tawi changa linalonesa kwa upepo, lakini kamba iliyolala sakafuni haiwezi.

La tatu ndilo sugu: kulitumia badala ya "slim". Mtu anaandika "she became lithe after losing weight". Kupungua uzito hakumfanyi mtu awe "lithe". Aliyepungua na bado anageuka mwili mzima ili atazame nyuma, huyo ni "slim" basi. Anayetaka "lithe" aonyeshe kitenzi cha mwendo mahali fulani katika sentensi au ile inayofuata: "the lithe goalkeeper twisted in mid-air". Hapo neno lina kazi. Kwenye "the lithe goalkeeper signed a new contract" halina, lifute.

La nne ni kurudufu: "lithe and flexible", "lithe and supple". Chagua moja. "Lithe and strong" inavumilika kwa sababu msomaji wa leo husahau kwamba nguvu imo.

---

Mfasiri Huru

Mhariri, tusaidie kupanga ndugu zake basi: "supple", "limber", "lissom", "agile", "nimble", "svelte", "willowy". Kamusi za visawe huyatupa yote kwenye kapu moja.

---

Mhariri wa Zamu

Swali la kujiuliza ni: ninachosifu ni nini hasa?

Unasifu kitu kinachopinda bila kupasuka wala kukakamaa: "supple". Linakwenda kwa ngozi, viungo, hata akili. Limepitia Kifaransa "souple" kutoka Kilatini *supplex*, mwenye kupiga magoti akiomba, na ndiyo maana ni ndugu wa "supplicate". Angalizo la tahajia: kielezi chake huandikwa "supply" au "supplely". Cha kwanza msomaji atakisoma *saplai*, na cha pili kinakwaza ulimi. Andika "with suppleness" na uendelee.

Unasifu viungo vilivyofunguka baada ya mazoezi ya kupasha mwili: "limber". Hili ndilo la uwanjani, na ndilo pekee hapa lenye kitenzi cha kawaida, "limber up". Limeonekana katika maandishi tangu karne ya 16 na asili yake haijathibitishwa. Wapo wanaolihusisha na "limb".

Unasifu kasi ya kubadili mwelekeo: "agile", kutoka Kilatini *agere*, kutenda. Unasifu wepesi wa vitu vidogo, hasa vidole na miguu: "nimble". Hilo limetoka *niman*, kuchukua, ndugu wa Kijerumani "nehmen". *B* ilipachikwa baadaye, sawa na ile ya "limb", ambayo zamani iliandikwa *lim*.

"Svelte" na "willowy" ni za umbo, hazihitaji mwendo. "Svelte" imepitia Kifaransa kutoka Kiitaliano *svelto*, kilichong'olewa, kikavutwa kikawa kirefu. "Willowy" ni urefu na wembamba wa mwerebi. Ukitaka kumsifu aliyesimama tuli, haya mawili yapo.

---

Bi Sarufi

"Lissom" umeisahau, Mhariri, na ndiyo mtoto wa "lithe" mwenyewe. Karne ya 18 walikuwa na "lithesome", yaani "lithe" pamoja na kiambishi *-some* kile cha "tiresome". Ulimi ukachoka kubeba *dhs* katikati, *dh* ikamezwa, na kufikia mwanzo wa karne ya 19 "lissom" imeshatulia. Tahajia "lissome" nayo ni sahihi. Mkazo uko mwanzoni, *LIS-om*, na irabu ya pili hufifia.

Tofauti ya matumizi: "lissom" ni ya kifasihi zaidi na huelekezwa kwa wanawake karibu wakati wote. "Lithe" humfaa mwanamume, mwanamke na mnyama sawasawa. Chui, duma, fisi maji, nguchiro, nyoka: wote wanaipokea. Tembo ana mwendo wa fahari lakini si "lithe", kwa sababu uti wake wa mgongo haupindi ukionekana.

---

Mwanafasihi

Na ulinganishi? "Lither" ipo kweli?

---

Bi Sarufi

Ipo: "lither", "lithest", na nomino "litheness", kielezi "lithely". Ila "lither" kwenye maandishi humsimamisha msomaji, na waandishi wengi huchagua "more lithe". Zote zinakubalika.

---

Kalamu Nyeusi

Nawashukuru wote. Naomba tugeukie kulifasiri, maana ndiko kwenye ubishi. Mimi husimama na "-nyumbufu". Kuna anayepinga?

---

Mfasiri Huru

Napinga kwa heshima, mkuu. "-nyumbufu" ni neno safi la sayansi na la michezo, lakini katika hadithi linabaki baridi. Ukisema "msichana mnyumbufu" msomaji anafikiria somo la mazoezi ya viungo. "Laini" linapoteza nguvu. "Mwembamba" linapoteza mwendo. "Mwenye madaha" ndilo linaloshawishi kuliko yote, na ndilo linalopotosha kuliko yote: madaha ni mwendo wa anayejua kwamba anatazamwa, ilhali chui mawindoni ni "lithe" na hana madaha hata chembe.

Kiswahili hutegemea kitenzi pale Kiingereza kinapotegemea kivumishi. Basi mimi huvunja "lithe" na kuipeleka kwenye kitenzi: kunesa, kunyumbuka, kupinda na kurudi, kuteleza. "Kunesa" linafaa sana kwa sababu ndani yake kuna kupinda na kurudi kwa pamoja, ile nguvu aliyoisema mwanzisha uzi. Lakini tahadhari na "kunepa": hilo ni la kitu kinacholemewa kikabonyea, na hakirudi.

---

Mhariri wa Zamu

Hapo tunakubaliana. Nikiongeza: ripoti ya kitabibu au ya mkufunzi wa michezo ibaki na "unyumbufu", kwa sababu huko kinapimwa kiungo kimoja kimoja, na msomaji anataka neno lisilobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kwenye hadithi na makala ya michezo, nenda na kitenzi.

---

Ngeli ya Nane

Tujaribu kwa mfano basi. "The lithe dancer crossed the stage in three strides."

---

Mfasiri Huru

"Mchezaji alilivuka jukwaa kwa hatua tatu, mwili ukimnesa." Kivumishi kimetoweka, mwendo umebaki.

Kama sentensi ni ya mnyama, "a lithe otter slid off the rock", kitenzi "slid" tayari kimebeba nusu ya kazi: "Fisi maji aliteleza kutoka mwambani, mgongo ukipinda na kunyooka." Na kama ni umbo tu bila tendo, "he was tall and lithe", hapo ndipo panapohitaji maneno mengi kidogo: "Alikuwa mrefu, mwenye viungo vyepesi." "Wepesi wa viungo" hauna ukakamavu wa "unyumbufu", na haumwambii msomaji lolote kuhusu uzito.

---

Kalamu Nyeusi

"Mwenye viungo vyepesi" nimeikubali, naichukua. Kwa matawi je? "Lithe branches"?

---

Mfasiri Huru

"Matawi yanayonesa." Usiongeze "laini", tawi laini laweza kuwa lililooza.